Kilichotuama Chini ya Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimebadilisha sharubati. Naandika kwa sababu nimefurahi, na nikifurahi mume wangu husema nakuwa kama redio iliyoharibika swichi. Yeye ni fundi redio, anajua anachosema. Basi bora daftari linisikilize.

Kazi yangu ni kuchanganya dawa za maji katika chumba kidogo nyuma ya famasi ya hospitali. Kuna sinki mbili, mizani, jiko la umeme na rafu za chupa za kahawia. Dawa ninayoichanganya kuliko zote ni ya watoto wenye kifafa. Unga wake ni wa aina ya chumvi, unayeyuka upesi kwenye maji, na dawa ikishayeyuka inabaki imetakata, huhitaji hata kuitikisa. Ubaya wake ni uchungu. Watoto wanaitema mpaka inafika ukutani. Miaka minne nimeitilia sharubati ya sukari tupu ambayo haifichi kitu. Sasa tumeletewa nyingine yenye ladha ya matunda, tamu na chachu kidogo. Nilichanganya chupa moja ya majaribio Ijumaa, na leo bado imetakata kama maji ya kunywa. Nimeonja, nikacheka peke yangu.

Mkuu wetu wa famasi tunamwita Mzee Tone, kwa jinsi anavyohesabu kila tone kama ametoa mwilini mwake. Aliinyanyua chupa kwenye mwanga.

"Umeiacha ikae siku ngapi?"

"Wiki nzima, Mzee."

"Na uchachu umepima?"

"Nimepima."

Sikupima. Na zilikuwa siku tatu. Ningesema kweli angeniambia ningoje mwezi, na mwezi mzima watoto wangeendelea kutema. Nimejaza fomu: siku saba. Akatia sahihi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la stoo linavuja palepale pa mwaka jana.

Alhamisi, 13 Machi

Chupa ishirini na nne zimetoka, kila moja ya mwezi mmoja. Nimeweka nyingine moja ya kielelezo rafuni, ya kioo cheupe, kama utaratibu unavyotaka.

Mama wa kwanza kuchukua alikuwa dobi wetu, anayefua mashuka ya wodi. Binti yake ana miaka sita na kifafa tangu akiwa na miwili. Alimpa kijiko cha kwanza hapohapo dirishani. Mtoto akalamba kijiko, akauliza kama kuna kingine. Dobi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, umetutendea jambo," akaniambia. Nimetembea siku nzima kama nimevishwa nishani.

Jumatano, 19 Machi

Mvua siku ya sita. Baridi imeingia kweli. Nachanganya dawa nikiwa nimevaa sweta ndani ya koti.

Jumatatu, 24 Machi

Dobi amekuja dirishani mikono ikiwa bado na povu. Binti ameanguka mara mbili wiki hii, na alikuwa amemaliza miezi saba bila kuanguka.

"Unampa saa zilezile?" nikamuuliza.

"Zilezile."

"Kijiko kimejaa?"

"Kimejaa."

"Hakuna siku uliyopitiwa? Maana ninyi mnaoamka alfajiri mnachoka."

Alinitazama kidogo, akafuta mikono kwenye aproni, akaondoka. Watu hawapendi kuambiwa. Unawapa dawa nzuri, wanaitoa wanavyojua wao, halafu lawama ni yako.

Alhamisi, 27 Machi

Mama mwingine, malalamiko yaleyale. Huyu ana mapacha, huenda kampa mmoja mara mbili. Mvua.

Jumanne, 1 Aprili

Daktari wa watoto amemwongezea binti wa dobi dozi: kijiko kimoja na nusu asubuhi, kimoja na nusu jioni, kutoka chupa ileile. Nimeandika lebo mpya. Dobi aliipokea bila kunisalimia.

Mume wangu anasema sweta langu linanuka matunda.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika nitakavyoweza.

Leo zamu ilikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa nafuta rafu, nikaisogeza chupa ya kielelezo, na chini yake kitu kikameta. Nikadhani ni ufa wa kioo. Nikaipeleka dirishani. Kulikuwa na tabaka jeupe, jembamba kama unene wa ukucha, na juu yake vijisindano vidogo vinaelea polepole, kama vumbi kwenye mwali wa jua. Nikaigeuza chupa. Tabaka lile halikuondoka mara moja. Liling'ang'ania, kisha likamong'onyoka vipande vipande.

Fuwele. Dawa imerudi kuwa kitu kigumu.

Nilichukua karatasi ya kupimia uchachu, ile niliyosema nimeitumia. Nikaichovya. Rangi yake ilitosha kunimaliza.

Nilifundishwa haya mwaka wa kwanza chuoni, na mtihani wake nilipata alama za juu. Unga wetu unayeyuka kwa sababu ni chumvi. Ukiutilia kitu kichachu, ile chumvi inavunjika na dawa inarudi kwenye umbo lake la asili, ambalo maji hayalitaki. Haijitengi siku hiyohiyo. Inaweza kukaa wiki imejibana ndani ya maji, imetakata, inakudanganya. Halafu baridi inakuja. Maji ya baridi hubeba kidogo kuliko ya vuguvugu, yakatua mzigo. Fuwele ya kwanza inapotokea, nyingine zinajijenga juu yake, zinakua, zinakuwa nzito, zinashuka. Sharubati nzito inazichelewesha tu, haizizuii.

Kwa hiyo maji ya juu ya chupa yamebaki na robo ya nguvu, pengine pungufu. Mtoto anayekunywa ya juu ni kama hanywi, anaanguka. Na mama akiendelea kushuka na kijiko, siku moja anafika chini. Kule chini kijiko kimoja ni vijiko vingi.

Na chupa tulizowapa ni za kahawia. Hawaoni kitu. Na lebo haisemi tikisa, kwa sababu mimi niliiandika.

Kisha nikafanya nini? Nitaandika ukweli, hili daftari ni langu. Niliirudisha chupa rafuni. Niliisukuma nyuma ya zile za mafuta ya nyonyo. Nilifunga mlango nikaja nyumbani.

Fomu ina mwandiko wangu. Siku saba. Nimepima.

Jumapili, 6 Aprili

Sijala. Mume wangu kauliza mara tatu nina nini. Kesho nitamwambia Mzee Tone. Kesho asubuhi mapema. Siku moja haiwezi kuwa kitu.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku moja ilikuwa kitu.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi, maneno nimeyapanga kichwani. Kabla sijavaa koti nesi wa wodi ya watoto akapita mbio dirishani. "Binti wa dobi kaletwa alfajiri. Haamki. Daktari anataka sindano ya dawa yake ya kifafa."

Dawa ileile. Sijui nilifikaje wodini. Nakumbuka ndara moja ilibaki koridoni.

Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anavuta pumzi moja halafu unangoja, unangoja, halafu nyingine. Dobi ameketi pembeni na mfuko wa nailoni mapajani. Daktari, mwanamke mtaratibu ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, alikuwa ameshika kalamu.

"Ameanguka mara nne mwezi uliopita," akaniambia. "Nadhani degedege linaendelea ndani kwa ndani, mwili haulionyeshi. Nampa sindano tuone."

"Usimpe."

"Unasema?"

"Usimpe, Daktari. Hana upungufu wa dawa. Imemzidi."

"Imemzidi vipi? Damu yake wiki iliyopita haikuwa na dawa kabisa. Ndiyo maana nilimwongezea."

Nikamgeukia dobi. "Mama, chupa unayo?"

Alifungua mfuko wake. Kwanza alitoa daftari la shule, akaliweka kitandani upande wangu. Kila siku imepigwa mstari, alama mbili, asubuhi na jioni, na saa imeandikwa pembeni. Hakuna pengo hata moja. Hata siku za mtoto kuanguka, hata siku niliyomwambia amepitiwa. Halafu akatoa chupa. Imebaki vidole viwili. Niliimimina kwenye kikombe cheupe cha chai, na haikuteremka kama maji. Ilikuwa uji wenye chenga.

Daktari aliangalia kikombe. Mimi nikasema yote pale, nimesimama na ndara moja: sharubati, uchachu, siku tatu, fomu. Nikasema nimejua tangu Jumamosi.

"Tangu Jumamosi," dobi akarudia. Sauti ya chini kabisa. "Jumamosi jioni nimempa. Jumapili asubuhi nimempa. Jumapili jioni nimempa."

Daktari alikwisha kuweka kalamu. Akaagiza oksijeni, akaagiza mkaa wa dawa, wa kunyonya sumu tumboni, kwa mpira wa puani, akaagiza mtu akae na mtoto ahesabu pumzi. Aliniambia, bila kunitazama, "Chupa ngapi ziko nje?"

"Ishirini na tatu, ukiacha hii."

"Unangoja nini hapa?"

Mzee Tone nilimkuta anafungua kabati. Nilipomaliza kusema aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Nilijua atanifokea, huwa anafoka mtu akisahau kufunika gundi ya lebo. Alivua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu sana.

"Ile fomu ina sahihi mbili," akasema. "Yangu niliitia bila kuomba uoneshe karatasi ya kipimo. Lete orodha."

Jumanne, 8 Aprili

Bado amelala. Pumzi nane kwa dakika. Kumi. Nane tena.

Chupa sita zimerudi. Simu nyingi hazipatikani, mitandao imekufa kwa mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Bado.

Chupa kumi na moja. Katika kila moja nimetia mwanga wa tochi chini, na katika kila moja kuna tabaka. Pacha mmoja amelazwa, analala sana lakini anaitika. Mama yao alikuwa anawapima kwa bomba la sindano ili asikosee.

Nilipita wodini. Dobi alinyanyua mkono tu, kama mtu anayezuia mlango. Nikarudi.

Alhamisi, 10 Aprili

Saa nne asubuhi kafungua macho. Nesi alikuja kuniambia, kwa sababu mimi siendi tena. Kaomba maji, kisha akakasirika kwamba mtu kamvua soksi.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili watu wasinisikie.

Mchana dobi alikuja mwenyewe dirishani. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Uliniambia mimi nimepitiwa. Nikaenda nyumbani nikajichunguza kama mwizi. Nikawa naamka kuangalia saa mara mbili, naogopa macho yangu mwenyewe." Aliegemea dirisha. "Msamaha utakuja ukija. Leo nimekuja kukuuliza, atakunywa nini sasa?"

Nilimpa ya zamani, ya sukari tupu. Mzee Tone aliipima uchachu mbele yake, akamwonesha karatasi, akamweleza rangi ile maana yake nini. Dobi aliinusa. "Ataitema," akasema. "Aiteme tu."

Jumanne, 15 Aprili

Chupa kumi na tisa. Mzee Tone, mwenye goti bovu na miaka sitini kasoro, amekwenda kwa miguu mpaka mtaa wa machimboni, karudi amelowa chapachapa na chupa mbili kifuani. Miaka minne nimemdhania mtu anayependa kusumbua wenzake. Leo kaniambia, akikamua kofia kwenye sinki: alipokuwa kijana kama mimi, kundi zima la vidonge vyake lilikuwa gumu mno, halikuvunjika tumboni. Vilitoka kama vilivyoingia. "Na kwenye fomu nilikuwa nimeandika ni vizuri kabisa," akasema.

Kamati ya hospitali imeniondoa kwenye uchanganyaji. Itakaa Jumatano ya mwisho wa Aprili kunisikiliza.

Jumamosi, 19 Aprili

Ishirini na mbili. Mvua haikatiki. Ninapofumba macho naona kitu cheupe kinashuka.

Jumanne, 22 Aprili

Imebaki moja. Kadi yake inasema mtoto wa kiume, miaka minne, ng'ambo ya mto, nyuma ya kiwanda cha matofali. Simu imezimwa. Daraja limefunikwa na maji.

Alhamisi, 24 Aprili

Daraja bado. Nimesimama ukingoni saa nzima. Walinzi wamenichoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Maji yamepungua, wameruhusu wa miguu. Nimevuka saa mbili asubuhi.

Nyumba niliipata kwa kuuliza mara tatu. Barazani palikuwa na mzee anapiga randa ubao wa mlango, maranda yamemfika vifundoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ingia usilowe, binti."

Nilimwambia natoka famasi ya hospitali, naomba chupa ya dawa ya mjukuu wake. Uso wake ulilainika.

"Mmekuja mpaka huku kwa chupa? Tulitaka kuirudisha wenyewe, mto ukatuzuia." Akaingia ndani, akarudi nayo. Ilikuwa imefutwa vizuri, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Zaidi ya nusu. "Inaweza kumfaa mwingine. Mwenyewe hatunaye tena."

Alinieleza mwenyewe, kwa upole, kama anayenisaidia. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Machi. Mtoto alikuwa anaoga kwenye beseni, mama yake kaingia ndani kuchukua taulo. Hatua kumi, hazifiki. Kifafa kilimkamata akaangukia uso majini.

"Mkwe wangu ndiye ananitia hofu," akasema. "Jana yake jioni mtoto alilala mapema, akamwonea huruma kumwamsha, akaruka dozi moja. Sasa anasema amemuua. Hali, haongei. Mwanangu yuko safari za kazi, mimi ni mwanamume na ni baba mkwe, nitamwambia nini? Nakushukuru umekuja. Watu wa hospitali huwa hawaji."

Chupa ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa ya mwisho. Hakuna aliyejua ila mimi, na hata kamati isingeweza kujua. Ningesema pole, nikavuka daraja, nikafunga hesabu ya chupa. Miguu yangu ilikwisha kugeuka. Nasema kweli, niliiona imegeuka.

"Baba," nikasema, "dawa ilikuwa mbovu."

Nikaeleza. Sikutumia maneno ya chuoni. Nilifungua gazeti, nikainua chupa kwenye mwanga wa mawingu, nikaiinamisha ili aone kilichong'ang'ania chini. Nikamwambia huku juu hakukuwa na nguvu, na kwamba ni mimi niliyeichanganya, na kwamba nilidanganya siku.

Aliweka randa chini.

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Basi si mimi wa kuambiwa."

Alinitangulia ndani. Mkwe wake ni msichana tu, hajafika miaka ishirini na mitano. Alikuwa ameketi sakafuni, kaegemea ukuta, kitenge begani. Nilipiga magoti nikarudia yote. Nilipofika kwenye ile dozi ya jioni alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Na kama ningempa ile ya jioni?"

"Isingemsaidia. Hakukuwa na dawa ya kutosha kwenye kijiko kile, wala cha asubuhi, wala cha siku zilizotangulia."

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

Alinishika mkono. Nikadhani ananisukuma, lakini alinishika tu, kwa nguvu, kucha zikaingia, na akaanza kulia kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa imekaa ndani yake siku zote zile. Mzee aligeukia mlango. Mimi sikuwa na haki ya kulia, nikajizuia mpaka taya zikauma. Aliponiachia alifuta uso kwa kitenge, akaniangalia vizuri, kama mtu anayetaka kuikumbuka sura.

"Sasa toka," akasema.

Nilitoka. Mzee alinisindikiza mpaka njia ya kiwandani. Pale alisimama.

"Hiyo kamati inakaa lini?"

"Jumatano, baba."

"Nitakuja naye. Tutakaa mbele. Uyaseme hivyohivyo ulivyoyasema kwetu, usipunguze."

Nimemwambia sitapunguza. Sasa niko mezani, mume wangu ameketi mbele yangu, amezima redio zake zote. Chupa ya ishirini na nne iko kwa Mzee Tone, imefungwa kwa kufuli. Zimebaki siku nne. Naogopa kuliko nilivyoogopa tangu masika yaanze, nami nimekwisha kuanza kuandika, kwenye karatasi nyingine, sentensi ya kwanza: Zilikuwa siku tatu.